Mtaa wa Main: Mashine Zipo, Wahusika Wako Wapi?

Katika ukurasa huu tumezoea kuhakiki vitabu, na mara moja moja filamu au muziki. Safari hii tunahakiki mtaa. Tunaomba msishangae. Mtaa wenyewe ulipangwa na watu ili usomwe, na kila kilichowekwa pale kiliwekwa kwa makusudi, kama mtunzi anavyopanga sura za kitabu chake.

Mtaa huo ni Main Street, katika eneo la Marshalltown, kusini kidogo mwa kitovu cha jiji la Johannesburg. Eneo lilipata jina kwa Henry Brown Marshall, mmoja wa waliopima na kuuza viwanja hapa mara tu baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1886. Kwa muda wa karibu karne moja, ukitaka kujua nani mwenye madini ya Afrika Kusini, ilitosha kuzunguka mitaa hii michache kwa miguu. Anglo American ilikuwa namba 44 Main Street, katika jengo la mawe la mwishoni mwa miaka ya 1930. Jirani, Hollard Street, palikuwa na Chamber of Mines, yaani chama cha wenye migodi, ambacho tangu mwaka 2018 kinaitwa Minerals Council South Africa. Mabwana wa kampuni hizo walikula chakula cha mchana Rand Club, na fedha zao zilikaa Simmonds Street.

Katika miaka ya 2000 sehemu ya Main Street ilifungwa kwa magari, ikapandwa miti, ikawekwa mabenchi, na vifaa vya migodini vikapangwa kandokando: mnara wa kuteremshia watu mgodini, kinu cha kupondea mawe, vitoroli vya reli, na sanamu. Yakawa makumbusho ya wazi yasiyo na mlango wala kiingilio. Sisi tulio huku Bondeni, tunapopata mgeni kutoka nyumbani au kutoka Ulaya, humpeleka Soweto, kisha Constitution Hill, kisha Sandton akanunue viatu. Tunashauri apelekwe na Main Street. Ila aende macho yakiwa wazi, na ndiyo sababu ya makala haya.

Sekondari tulifundishwa kwamba kazi yoyote ya sanaa huhakikiwa kwa fani na maudhui, na ndani ya fani kuna wahusika. Baadaye tukaenda ng'ambo kusomea uhandisi, mambo ya wahusika tukayaacha kwa wenzetu wa fasihi. Lakini kila tunapopita mtaa huu swali la mwalimu wa Kiswahili hutujia: wahusika wa hadithi hii ni akina nani?

Tuanze na lililo zuri, maana lipo. Kinu cha kupondea mawe ni kifaa kizuri sana kuonyesha umma, kwa sababu hata asiyejua lolote la uhandisi ataelewa. Ni mchi na kinu cha nyumbani, tofauti ni kwamba michi hii ni ya chuma, mizito, imepangwa safu, na inanyanyuliwa na mhimili unaozungushwa kwa nguvu ya mvuke. Mchi unapandishwa, unaachiwa, unaponda jiwe hadi liwe uji. Uji ule ulipitishwa juu ya mabamba ya shaba yaliyopakwa zebaki, na dhahabu ikaganda kwenye zebaki. Ndugu zetu wanaotoka Geita au Chunya wataona hapa babu wa makarasha yao. Zebaki ni ileile, na madhara yake ni yaleyale.

Kinu hicho kina hadithi ambayo mhandisi yeyote angependa kuisimulia. Mawe ya juu, yaliyooza kwa hewa na mvua, yalitoa dhahabu yake kwa zebaki bila shida. Wachimbaji waliposhuka makumi ya mita wakakuta mwamba mbichi wenye madini ya salfa, zebaki ikashindwa, na hisa zikaanguka. Wengi walifunga mizigo wakiamini kuwa Johannesburg imekwisha ikiwa na umri wa miaka minne. Kilichouokoa mji ni kemia ya watu wa Glasgow, John MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest, waliogundua namna ya kuyeyusha dhahabu kwa sianidi. Njia yao ilifika hapa mwaka 1890. Bila pipa la sianidi, leo Marshalltown ingekuwa shamba la ng'ombe.

Kwa hiyo mashine zinastahili heshima, na hatuna ugomvi nazo. Ugomvi wetu ni kwamba mtaa unatufanya tuamini kuwa migodi hii iliendeshwa na chuma, mvuke na kemia peke yake. Hilo si kweli kihistoria, na la kutuudhi zaidi sisi wa fani hii, si kweli kihandisi.

Tufanye hesabu. Mwamba wa Witwatersrand haukuwa tajiri. Ulikuwa mpana na wa kuaminika, lakini tani moja ilitoa gramu chache tu. Tuchukue mfano wa gramu 6 kwa tani: kupata aunsi moja, ambayo ni gramu 31, unahitaji kulipua, kupakia, kupandisha na kusaga tani tano za jiwe. Tena tabaka lenye dhahabu ni jembamba, mahali pengine halizidi unene wa shubiri, na linazama kuelekea kusini, hivyo kila kizazi kilichimba kina kirefu kuliko kilichotangulia. Mgodi wa Mponeng, magharibi mwa jiji, umefika karibu kilomita 4 chini ya ardhi, ambako mwamba una joto la nyuzi zaidi ya 60 na hewa hupozwa kwa barafu inayosukumwa kutoka juu.

Sasa tazama upande wa mapato. Mwenye mgodi wa shaba au makaa anaweza kupandisha bei. Mwenye dhahabu hakuweza, kwa kuwa bei iliwekwa na mataifa makubwa. Tangu mwaka 1934 hadi 1971 bei rasmi ilikuwa dola 35 za Marekani kwa aunsi, ibadilike dunia isibadilike. Baruti ina bei yake. Chuma, umeme na sianidi vina bei yake. Katika mlinganyo wote umebaki mshahara wa mtu anayeshika sururu na, baadaye, drili. Huo ndio uliobanwa. Francis Wilson, mwanauchumi wa Cape Town, alichapisha mwaka 1972 kitabu kuhusu mishahara ya migodi ya dhahabu kati ya 1911 na 1969, akaonyesha kwamba mshahara halisi wa mchimbaji Mwafrika mwishoni mwa kipindi hicho haukuwa mkubwa kuliko wa mwanzoni. Karibu miaka sitini! Wakati huohuo uzalishaji ulipanda hadi mwaka 1970, nchi ilipotoa tani 1,000 za dhahabu, takriban theluthi mbili ya dhahabu yote iliyochimbwa duniani mwaka ule.

Mshahara haubaniki miaka sitini kwa bahati. Unahitaji mtambo, na mtambo huo ulibuniwa papa hapa. Wenye migodi walikubaliana wasishindane kuajiri. Wakaunda shirika moja la kukusanya watu kutoka nje ya mipaka. Jina lake refu lilikuwa Witwatersrand Native Labour Association, lililoanza mwaka 1900. Kuanzia Msumbiji hadi Malawi watu walilifupisha wakaliita Wenela. Mtu alichukuliwa kijijini kwake, akapimwa, akawekwa alama ya kidole kwenye mkataba, akasafirishwa, akalazwa kambini, akafundishwa Fanakalo, ile lugha ya migodini ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kupokea amri, na sehemu ya mshahara wake ikazuiwa hadi arudi kwao. Akimaliza muda anarudishwa alikotoka, na mwingine anachukua kitanda chake. Ndugu wasomaji, ukiuchora mfumo huu kwenye karatasi ya mhandisi utaona una vali, pampu na tangi la akiba. Huo ndio uliokuwa mtambo mkubwa kuliko yote ya Witwatersrand, na ndio usioonyeshwa Main Street. Ni kama kumwonyesha mgeni gari lisilo na injini ukamsifia matairi.

Watanzania wenye umri wetu hawahitaji kuelezwa sana. Tuna neno letu, manamba, na tunakumbuka SILABU iliyokuwa ikizoa watu kwa ajili ya mashamba ya mkonge. Wakenya wana neno lao, kipande, kile cheti cha kazi ambacho baba zao walilazimishwa kukivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati. Wenela ilikuwa manamba na kipande pamoja, kwa kiwango ambacho mkonge haukuwahi kukifikia.

Na watu wetu walikuwemo. Hili hata hapa Johannesburg wengi hawalijui. Wanadhani Mtanzania wa kwanza alikuja Jozi baada ya Mandela kutoka jela. Mwanzoni serikali ya hapa iliwakataza watu wa kaskazini. Sababu ilikuwa vifo. Wanaume waliotoka nchi za joto walikufa kwa nimonia kambini kwa wingi wa kutisha kiasi kwamba mwaka 1913 ilipigwa marufuku kuajiri mtu yeyote kutoka kaskazini ya latitudo ya 22 kusini. Wenye migodi hawakukubali kupoteza hazina hiyo. Waliwaita madaktari wakubwa wa dunia: Almroth Wright wa London akaja na chanjo yake, na Gorgas, yule Mmarekani aliyesafisha mfereji wa Panama, akaja kukagua kambi. Katika miaka ya 1930 mlango ukafunguliwa tena. Baada ya Vita Kuu ya Pili Wenela iliwafikia Wanyakyusa wa Rungwe na majirani zao wa Nyanda za Juu Kusini. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver aliwaandikia Wanyakyusa hao makala mwaka 1957, akieleza jinsi vijana walivyokwenda Copperbelt na Johannesburg kutafuta fedha ambazo kahawa na mpunga havikuwapa. Kufikia mwaka 1960 watu wa Tanganyika katika migodi ya hapa walikuwa wapatao 14,000.

Kisha ukaja Uhuru. Serikali ya Tanganyika huru, kwa kuchukia ubaguzi wa rangi, ilikataza uandikishaji wa Wenela. Mwaka 1965 walikuwa wamebaki mia chache, na kufikia 1970 hakuna. Sisi tulisifu uamuzi huo tukiwa watoto wa shule na tunausifu mpaka leo. Tumeutaja kwa sababu tarehe zake zitatuuma mbele kidogo.

Turudi mtaani. Mbele ya jengo la Anglo liliwekwa kundi la swala wa shaba wakiruka juu ya maji, kazi ya mchongaji Herman Wald, iliyotolewa na Harry Oppenheimer kwa kumkumbuka baba yake, Ernest, mwanzilishi wa kampuni. Ni sanamu nzuri, hatubishi. Wale swala wanaruka kwelikweli. Mwanzo walikaa katika bustani ya mjini, lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 wezi wa vyuma chakavu waliwakata vipande na kuwauza kwa kilo. Wakatengenezwa upya, na mwaka 2002 wakaletwa Main Street penye walinzi. Sisi tunaona kwamba wale wezi waliongeza sura ambayo mtunzi hakuikusudia: maskini wa mji walichimba mnara wa tajiri kwa ajili ya madini yake. Ingekuwa ni uamuzi wetu, tungemwacha swala mmoja bila kichwa.

Kwa hiyo kwenye mtaa huu mtu mmoja ana ukumbusho, kwa umbo la swala. Wengine wana vitoroli. Kweli, ukivuka hadi Braamfontein utakuta sanamu ya wachimbaji, weusi wawili na mweupe mmoja, zawadi ya Chamber of Mines kwa jiji. Ni wenye misuli na afya njema, hakuna anayekohoa.

Mahali pazuri kuliko pote, kwa maoni yetu, hapakupangwa na mtu. Mwaka 1986, mji ukitimiza miaka mia, wajenzi wa makao makuu ya Standard Bank kule Simmonds Street walichimba msingi wakaangukia shimo la zamani la mgodi wa Ferreira. Benki ilikuwa na hekima ya kulihifadhi, ikalifanya makumbusho madogo chini ya ofisi zake. Ukutani unaona alama za sururu. Hakuna mashine, hakuna shaba, kuna pigo la mkono wa mtu baada ya pigo. Mtu huyo hatujui jina lake, lakini tunajua alisimama wapi, aliinama vipi, na alikuwa anatumia mkono gani. Alama hizo zinasema zaidi kuliko vitoroli vyote vya mtaa wa pili.

(Hapohapo Simmonds Street, enzi za mwanzo, soko la hisa lilipojaa, walifunga barabara kwa minyororo ili madalali wanunue na kuuza nje. Palijulikana kwa jina la "kati ya minyororo". Watu wa pwani wakisikia jina hilo hufikiria biashara nyingine kabisa.)

Mtu anaweza kutujibu kwamba yapo makumbusho mengine ya wafanyakazi, tusiulaumu mtaa mmoja kwa kutosema yote. Ni kweli. Newtown kuna Workers' Museum, ndani ya kambi ya zamani ya vibarua wa manispaa iliyojengwa mwaka 1913, na pale utaona vitanda vya zege walivyolazwa watu kama samaki sokoni. Tunawasihi wasomaji waende. Lakini huo ndio mgawanyo tunaoulalamikia: mashine zimekaa penye ofisi za wenye mali, mateso yamepelekwa mtaa mwingine, na mgeni mwenye saa moja anaona upande mmoja. Ndani ya riwaya hili lingekuwa kosa la muundo. Mwizi yupo sura ya tatu, mwenye kuibiwa yupo kitabu kingine.

Tena Marshalltown haihitaji kukopa kitu Newtown. Kambi kuu ya Wenela ilikuwa kusini kidogo tu, Eloff Street Extension, ambako waliofika kwa treni walipimwa na kugawiwa migodi. Na mitaa michache mashariki, namba 80 Albert Street, kuna jengo la ghorofa la miaka ya 1950 lililokuwa ofisi ya idara ya "wasio Wazungu". Hapo mwanaume Mwafrika aliyetaka kukaa au kufanya kazi Johannesburg alipanga foleni ili kipande chake kigongwe muhuri. Sheria iliyoanzisha kitabu kile, ya mwaka 1952, ilijiita sheria ya kufuta pasi. Wenye madaraka wa siku zile hawakukosa ucheshi.

Jengo la Albert Street wasomaji wetu wanalifahamu kwa jina jingine, Usindiso, na wanalifahamu kwa msiba. Baada ya ubaguzi kwisha lilikuwa makazi ya wanawake na watoto waliokosa pa kwenda. Kisha likatelekezwa, likagawanywa kwa mbao na makaratasi, likapangishwa na wasio na haki ya kupangisha. Mwenye jengo ni Jiji la Johannesburg. Usiku wa tarehe 31 Agosti 2023 lilishika moto na watu 76 wakafa, wakiwemo Wamalawi na Watanzania. Tume ya Jaji Sisi Khampepe, katika taarifa ya mwaka 2024, ililibebesha Jiji lawama kwa hali ya jengo, ikapendekeza libomolewe na kiwekwe kibao chenye majina ya waliokufa.

Wapo waliotuambia tusichanganye mambo, moto ni suala la makazi na Main Street ni suala la madini. Hatukubali. Watu wa Usindiso hawakuwa wachimbaji, hilo ni sawa. Lakini mji huu ulijengwa ukitegemea mtu anayekuja kufanya kazi asihesabiwe kuwa mkazi. Kambi ilikuwa namna moja ya kumlaza bila kumkaribisha. Jengo la Albert Street lilikuwa mahali pa kumkagua. Kwamba zaidi ya miaka thelathini baada ya kufutwa kwa vipande watu kutoka nchi zilezile za Wenela walikuwa wamelala ndani ya ofisi ya vipande, bila maji na bila mlango wa dharura, hilo ni sehemu ya hadithi ambayo mtaa wa Main ulidai kuisimulia. Na Stilfontein nayo ni sehemu yake. Januari 2025 waliokolewa wachimbaji haramu 246 kutoka shimo la mgodi ulioachwa, wengi wao watu wa Msumbiji, Lesotho na Zimbabwe, na maiti 78 zikapandishwa pamoja nao, baada ya miezi ambayo polisi walikuwa wamezuia chakula kushuka. Kampuni ziliondoka, mtambo wa kuwaleta watu ukabaki unazunguka wenyewe.

Sasa tufike kwenye zile tarehe. Drili ikiingia kwenye mwamba wa Witwatersrand inatoa vumbi la silika. Chembe zake ni ndogo kiasi cha kupita puani hadi ndani kabisa ya pafu, na pafu likishazijengea kovu halirudi lilivyokuwa. Ugonjwa huchukua miaka kumi, ishirini, hata zaidi kujitokeza, wakati mkataba umekwisha na mtu yuko kijijini kwake. Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba iliamua, katika kesi ya mchimbaji Thembekile Mankayi dhidi ya AngloGold Ashanti, kwamba mgonjwa anaweza kuishtaki kampuni. Mankayi mwenyewe alifariki siku chache kabla ya hukumu. Ukafuata mkataba wa kampuni sita, ulioidhinishwa na Mahakama Kuu mwaka 2019, wa randi bilioni 5, na mfuko wa Tshiamiso wa kuwalipa wagonjwa na warithi wao. Ni jambo jema na gumu, na mawakili waliolisimamia tunawavulia kofia.

Lakini soma masharti. Anayelipwa ni aliyefanya kazi katika migodi iliyotajwa kati ya tarehe 12 Machi 1965 na tarehe 10 Desemba 2019. Watanganyika 14,000 wa mwaka 1960 karibu wote walikuwa wamekwisha kurudi Rungwe kabla ya Machi 1965, kwa sababu nchi yao ilikataa kuwauza. Wazee waliokohoa hadi kufa kule Tukuyu na Kyela, wajane wao wakiambiwa ni kifua kikuu au uchawi, hawamo hata kama jina lao lingepatikana. Makaburu hawakuwalipa, mahakama ya uhuru haikuwafikia, na mtaa wa kumbukumbu haukuwaweka. Hapo ndipo tunaposema kwamba makumbusho si pambo la watalii. Asiyekuwemo kwenye maonyesho ni rahisi asiwemo kwenye orodha ya malipo.

Jambo hili linatuhusu pia kwa sababu Main Street haikuishia Main Street. Mwaka 1958, baada ya kufa kwa John Williamson, almasi ya Mwadui ilinunuliwa nusu kwa nusu na serikali ya Tanganyika na De Beers, kampuni ndugu ya Anglo chini ya familia ileile ya Oppenheimer. Na mgodi wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, umekuwa chini ya AngloGold Ashanti tangu kampuni mbili zilizounda jina hilo zilipoungana mwaka 2004. Kwa hiyo kwa muda mrefu maamuzi kuhusu mlima wa Geita yalifanywa Johannesburg, umbali wa kutembea kutoka kwenye vitoroli tunavyovizungumzia. Sasa hata hilo limekwisha. Anglo ilihama Marshalltown mwanzoni mwa miaka ya 2020 ikaenda Rosebank. AngloGold mwaka 2023 ilihamishia usajili wake mkuu New York na makao yake Denver. Afrika Kusini yenyewe inatoa dhahabu takriban tani 100 kwa mwaka, sehemu ya kumi ya ile ya 1970. Wenye nyumba wamehama wakaacha fanicha barazani.

Basi baraza limebaki kwa umma, na umma unaweza kuongeza. Tukiombwa maoni, hatutaki sanamu nyingine ya shaba, itaibwa. Tungeweka kitanda kimoja cha zege. Tungeweka mkataba wa Wenela uliokuzwa hadi ukubwa wa ukuta, wenye alama ya kidole gumba, mshahara kwa siku na kiasi kilichozuiwa. Tungejenga chumba cha joto, maana kilikuwepo migodini: chumba kilichojaa mvuke ambamo wageni walipanda na kushuka ngazi fupi kwa saa kadhaa kila siku, siku kadhaa mfululizo, ili waonekane nani ataanguka kabla hajateremshwa. Kihandisi ni kifaa cha akili sana. Kiwekwe kando ya kinu cha mawe, mgeni aone kwamba kabla ya kupimwa mwamba alipimwa mtu. Na tungetundika picha moja ya eksirei ya pafu, yenye taa nyuma yake, inayowaka mchana na usiku.

Kuhusu kibao cha Albert Street, wanajumuiya wa Johannesburg wanaombwa kufuatilia kupitia viongozi wetu wa matawi, hasa katika uandishi wa majina. Majina ya Kiswahili yamekwisha kukosewa mara nyingi katika nyaraka za hapa. Na msomaji yeyote, awe Muscat, Leicester au Minneapolis, ambaye babu yake alikwenda Wenela na ameacha kipande, cheti cha mkataba, picha, au hata kofia ya kazi, tunamwomba asiitupe. Atupigie picha na kuituma kwa mhariri, pamoja na jina kamili la mzee, kijiji chake na mwaka aliorudi. Toleo lijalo tutaanza kuzichapisha.